Rehema Isingoje Kaburi

Bwana Mhariri,

Nina dukuduku juu ya hukumu ya Mei 2025, ambayo kwayo Rob Manfred, Kamishna wa besiboli ya Marekani, aliamua kwamba adhabu ya kufungiwa maisha hukoma mchezaji afapo, hata wachezaji Pete Rose na Joe Jackson, waliofungiwa kwa mambo ya kamari, wakafunguliwa hali wameshafariki.

Jirani yangu hapa Chicago, mzee aliyeupenda mchezo huu tangu utotoni, alipoisoma habari hiyo alivua miwani, akaniuliza, “Itamfaa nini Buck Weaver?” Weaver, mchezaji aliyeijua njama ya wenzake ya mwaka 1919 ya kushindwa makusudi kwa fedha za wacheza kamari asiifichue, wala asipokee hata senti, aliachiwa huru na mahakama mwaka 1921, na kesho yake Kamishna Landis akamfungia, akaomba rehema hadi alipofariki mwaka 1956, asiipate.

Kamari mchezoni ni haramu na iadhibiwe. Lakini adhabu isiyo na siku ya kusikilizwa tena ni dhulma. Nawasihi wakuu wa ligi waweke muda maalumu wa kupokea rufaa ya aliyefungiwa angali hai, na wasomaji wenzangu watoe rai zao.

Wako mtiifu,
Msomaji, Chicago