Saa ya dhahabu ya mtumba: mng'aro si sifa

SOKO la saa za mtumba za bei kubwa lina kasoro moja ambayo wafanyabiashara wengi huinyamazia kwa kuwa inawalipa. Saa iliyosuguliwa mpaka ikang'aa kama mpya huwekwa mbele ya kabati la kioo, na yenye mikwaruzo ya umri wake huwekwa nyuma. Mnunuzi asiyejua huchukua ya mbele, tena kwa bei ya juu. Mnunuzi anayejua huomba aletewe ya nyuma. Maoni ya safu hii ni kwamba mng'aro katika saa kuukuu ya dhahabu usihesabiwe kuwa sifa hata kidogo, na muuzaji asiyetaka kueleza kwa maandishi jinsi mng'aro huo ulivyopatikana anyimwe biashara.

Msomaji wa ukurasa huu analijua jambo hili kwa upande wa magari. Gari lililotumika likishushwa bandarini na rangi mpya, na geji inasoma kilomita chache, mnunuzi mzoefu hafurahi bali huingiwa na shaka. Hufungua boneti, hufunua zulia, hutazama pedali ya breki imelika kiasi gani. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akifika Dubai au Geneva na dola zake elfu kadhaa, hununua saa kwa kuitazama uso tu. Huko ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Mfano mmoja utatosha

Tuchukue saa moja inayojulikana sana katika biashara hii, yaani Calatrava namba 3919 ya Patek Philippe. Kampuni hiyo ya Geneva ilianzishwa mwaka 1839. Aina ya Calatrava ilianza mwaka 1932 kwa namba 96, mwaka ule ule ambao familia ya Stern iliinunua kampuni. Namba 3919 iliingia sokoni mwaka 1985, wakati saa za betri, zilizoanza kuuzwa na Seiko ya Japani Desemba 1969, zilikuwa zimekwisha kuangusha viwanda vingi vya Uswisi. Mwaka 2006 nafasi yake ilichukuliwa na namba 5119. Kwa hiyo leo kila 3919 inayouzwa ni ya mtumba, na swali la hali yake haliepukiki.

Sifa zake ni chache na ziko wazi. Kasha ni la dhahabu ya karati 18, kipenyo chake milimita 33. Uso ni mweupe wenye namba nyeusi za Kirumi, na mshale wa sekunde una duara lake dogo upande wa chini, penye namba 6. Haina tarehe wala madoido mengine. Hutiwa ufunguo kwa mkono. Mashine yake, iitwayo 215 PS, ina unene wa milimita 2.55 tu. Hii ni saa ya suti, ya kujificha chini ya mkono wa shati na kutoka pale tu mwenyewe anapotaka kujua saa.

Wembamba huo ndio uzuri wake na ndio udhaifu wake pia. Saa nene ya chuma ikisuguliwa mara tatu huenda isionyeshe sana. Kasha jembamba la dhahabu, madini yaliyo laini, lina kitu kidogo cha kupoteza, na kila linapopita kwenye gurudumu la fundi hupoteza sehemu ambayo hairudi tena.

Mahali pa kutazama

Kwanza ni ukingo unaoshika kioo. Katika 3919 ukingo huo umechongwa vijipembe vidogo vidogo vya mfano wa piramidi, pambo ambalo Wafaransa huliita Clous de Paris. Msomaji aliyeshika saa hii hahitaji mtaalamu. Achukue lenzi ya sonara aangalie ncha za piramidi hizo. Zikiwa kali na zimelingana kuzunguka ukingo wote, kasha halijachezewa sana. Zikiwa butu, hasa upande mmoja kuliko mwingine, gurudumu limepita hapo. Hakuna maelezo ya muuzaji yatakayozirudisha.

Pili ni masikio yanayoshika mkanda, na chapa ya serikali iliyopigwa kwenye dhahabu. Kwa saa za Uswisi za karati 18 chapa hiyo ilikuwa kichwa cha mwanamke, Helvetia, na kuanzia mwaka 1995 ikawa kichwa cha mbwa wa St. Bernard. Kwa kuwa 3919 iliuzwa kati ya 1985 na 2006, zote mbili hupatikana, na kila moja humwambia mnunuzi kasha ni la kipindi gani. Muuzaji akisema saa ni ya mwaka 1988 nawe ukaona mbwa, muulize kasha hilo limetoka wapi. Chapa iliyofifia mpaka ikawa kama kivuli nayo inasema jambo lile lile linalosemwa na piramidi butu.

Tatu ni uso. Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Uso wenye doa dogo au uliogeuka rangi kidogo kwa umri ni uso wa saa hiyo. Uliopakwa rangi upya na fundi wa mtaani ni kitu kingine, hata ukipendeza. Tazama kwa lenzi maandishi ya jina la kampuni na miguu ya namba za Kirumi. Kazi ya kiwandani ni nyembamba na kingo zake zimekatika safi. Kazi ya kurudia mara nyingi ni nene, herufi zimevimba, na mistari ya dakika haikutani sawasawa na namba zake.

Nne ni mashine. Muuzaji aombwe afungue kifuniko cha nyuma mbele ya mnunuzi. Mashine ya kipindi hicho inapaswa kuwa na Muhuri wa Geneva, yaani nembo ya mji yenye tai na ufunguo, muhuri uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1886. Kampuni iliacha kuutumia mwaka 2009 na kuweka wake yenyewe, lakini 3919 ilikuwa imekwisha kutoka kabla ya hapo. Mashine hii hupiga mara 28,800 kwa saa, yaani mara 8 kwa sekunde, na ikijazwa ufunguo hutembea kwa muda wa saa 44 hivi. Jaribio lake ni rahisi. Itie ufunguo mpaka mwisho Jumamosi saa 2 asubuhi, na Jumapili usiku iwe bado inatembea. Ikisimama mapema, huenda mafuta yamekauka au kamani imechoka. Hilo si kosa la kukimbia saa, ni gharama ya fundi inayotakiwa kutolewa kwenye bei.

Tano ni makaratasi. Cheti cha mauzo ya kwanza, sanduku lake, na bizimu ya dhahabu ya mkanda, vyote vina bei. Pasipo cheti, kampuni hutoa kwa malipo dondoo kutoka vitabu vyake, inayoeleza saa ilitengenezwa lini na kuuzwa lini. Lakini mnunuzi asichanganye mambo. Dondoo husoma kitabu. Haiitazami saa iliyoko mkononi mwako, wala haisemi imesuguliwa mara ngapi.

Punguzo la aina mbili

Saa za mtumba hupunguzwa bei kwa sababu mbili, na faida au hasara ya mnunuzi hutegemea kuzitofautisha.

Sababu ya kwanza ni ladha. Milimita 33 ni ndogo kwa macho ya leo. Kampuni yenyewe imefuata mkumbo huo: 5119 ya mwaka 2006 ilikuwa na milimita 36, na 6119 ya mwaka 2021 ikafika 39. Saa ndogo ikauzwa nafuu kwa sababu hiyo tu, mnunuzi hajapoteza kitu. Ladha hubadilika kama suruali, leo pana kesho nyembamba, na saa inabaki ile ile.

Sababu ya pili ni uharibifu. Ncha za piramidi zilizolika na uso uliopakwa upya havitarudi hata mitindo ikigeuka mara kumi. Punguzo la ladha ni fursa. Punguzo la uharibifu ni bei halali ya kitu pungufu. Tatizo la soko ni kwamba mng'aro hufuta tofauti hiyo machoni pa mnunuzi, akalipia kitu pungufu bei ya kitu kamili.

Miaka ya karibuni imelifanya jambo hili kuwa zito zaidi. Mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022 bei za saa za mtumba zilipanda kwa kasi, zikiongozwa na saa za chuma za michezo kama Nautilus 5711 ya kampuni hiyo hiyo, ambayo mwaka 2021 ilithibitishwa kuwa inaondolewa. Kisha bei zikashuka. Walionunua kileleni kwa kusikia jina tu waliumia. Aliyenunua saa nzima yenye hali yake ya asili alibaki angalau na kitu cha kumwonyesha mnunuzi wa kesho.

Tena kuna dhahabu. Bei yake ilivuka Dola 3,000 za Marekani kwa wakia Machi 2025, na Dola 4,000 Oktoba mwaka huo. Bei ikifika hapo, sonara humwambia mrithi wa saa ya marehemu baba yake kwamba atainunua kwa uzito. Tufanye hesabu. Tuseme kasha lina gramu 20 za karati 18. Dhahabu halisi ndani yake ni gramu 15, na kwa Dola 4,000 kwa wakia ya gramu 31.1 thamani yake ni karibu Dola 1,930. Calatrava iliyo kamili huuzwa kwa mara kadhaa ya kiasi hicho. Mrithi anayepokea fedha za uzito anaondoka amefurahi, na saa inaingia kwenye moto. Anayebeba saa ya aina hii kwa sonara aanze kwanza kwa fundi saa.

Nini kifanyike

Wauzaji wana utetezi wao, na haufai kupuuzwa. Wanasema wateja wenyewe ndio wanaotaka kitu kinachong'aa. Ni kweli. Anayetaka saa ya kuvaa harusini wala hana mpango wa kuiuza hakosei akichukua iliyosuguliwa, mradi bei iseme hivyo. Hatusemi saa hizo zisiuzwe. Tunasema zisiuzwe kwa kimya.

Watengenezaji nao wameanza kuingia. Desemba 2022 Rolex ilianza mpango wa kuthibitisha saa zake za mtumba kupitia wauzaji wake rasmi, kwa dhamana ya miaka 2. Hiyo ni hatua nzuri, kwa kuwa hujibu swali la kama saa ni halali na kama inatembea. Lakini swali la kasha na uso vimebaki na kiasi gani cha asili yake ni swali jingine, na halijibiwi na dhamana ya kutembea.

Pendekezo letu ni dogo na halihitaji sheria mpya. Kila stakabadhi ya saa ya mtumba iwe na mistari minne: kasha limesuguliwa au halijasuguliwa, uso ni wa asili, umebadilishwa au umepakwa upya, mashine imefanyiwa kazi lini na sehemu zipi zimebadilishwa, makaratasi yapi yanaambatana na saa. Muuzaji asiyejua aandike kwamba hajui. Hilo nalo ni jibu, na lina bei yake.

Mwenye saa naye ana wajibu. Mafundi wengi hung'arisha kasha kama sehemu ya kawaida ya kazi, kwa nia njema, bila kuulizwa. Unapoipeleka saa kusafishwa mashine, andika kwenye karatasi ya kuipokelea maneno mawili: kasha lisisuguliwe. Maneno hayo huokoa fedha nyingi kuliko ubishi wowote wa bei dukani.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara hii kibaya hujitembeza kwa kung'aa. Mnunuzi ndiye mwenye fedha. Akianza kudai mistari hiyo minne kabla ya kulipa, wauzaji watajifunza kuiandika, na ile saa yenye mikwaruzo yake ya haki itatolewa nyuma ya kabati na kuwekwa mbele.