Jeraha la Pili la Aliyevunjika Mgongo



Katika parokia nyingi za Mashariki ya Kongo yupo kijana ambaye mgongo wake ulivunjika. Mmoja alianguka na pikipiki, mwingine alifunikwa na udongo wa machimbo, mwingine aliteleza juu ya mchikichi, mwingine alipigwa risasi. Tunapokwenda kumwamkia tunamwuliza habari za miguu: je, imeanza kupata nguvu? Tunamwuliza habari za vidonda na za dawa. Ni mara chache tunamwuliza kama anapata usingizi, au kama mlio wa pikipiki barabarani unamtetemesha. Nasema kwamba maswali hayo yana uzito uleule, na kwamba anayeyaacha ameuguza nusu ya mtu.

Tuanze na mwili. Ndani ya uti wa mgongo unapita ugwe wa neva. Ndio unaochukua amri za ubongo na kurudisha habari za viungo. Ugwe huo ukipondwa au ukikatika, sehemu iliyo chini ya jeraha hupooza na kufa ganzi, na mara nyingi haja ndogo na kubwa hazizuiliki tena. Jeraha likiwa kifuani au kiunoni, miguu hupooza. Likiwa shingoni, mikono nayo hupatwa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu kati ya 250,000 na 500,000 hupatwa na jeraha hilo kila mwaka, hasa kwa ajali za barabarani, kwa kuanguka na kwa jeuri ya watu.

Zamani jeraha la namna hiyo lilikuwa kama hukumu ya kifo. Mwaka 1944 mganga Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi, alifungua kituo cha majeruhi hao huko Stoke Mandeville, Uingereza. Aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, akapigana na vidonda vya kulalia na maambukizo ya mkojo, nao wakaishi. Lakini hakuishia hapo. Mwaka 1948 aliwakusanya askari wa zamani 16 katika mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde na mishale, na mashindano hayo ndiyo mbegu ya Michezo ya Paralimpiki. Guttmann alijua kwamba mtu aliyeokolewa mwili tu, kisha akaachwa kitandani bila tumaini, hajaokolewa bado.

Jeraha la pili lilipewa jina rasmi mwaka 1980, wakati chama cha waganga wa akili wa Marekani kilipouandika katika kitabu chake cha magonjwa mfadhaiko unaofuata kiwewe. Dalili zake zinajulikana. Tukio humrudia mtu katika ndoto au mchana kweupe, kana kwamba linatokea upya. Hukimbia mahali, watu na maneno yanayomkumbusha. Hujilaumu, au hujiona ametengwa na wote. Hushtuka upesi, hukasirika upesi, usingizi humkataa. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja na kuvuruga maisha yake, si huzuni ya kawaida tena. Ni ugonjwa unaohitaji tiba.

Mwaka 2001 Paul Kennedy na Jane Duff, wanasaikolojia wa Uingereza, walikusanya tafiti zilizokuwa zimefanywa juu ya ugonjwa huo kwa watu waliojeruhiwa ugwe wa mgongo. Hesabu zilitofautiana sana: kuanzia mtu 1 katika 10 hadi watu 4 katika 10. Tofauti hiyo inatokana na vipimo vilivyotumika, na watu gani waliulizwa, na lini. Lakini hata tukichukua hesabu ndogo kabisa, ni watu wengi mno kuachwa bila kuulizwa.

Katika tafiti hizo liko jambo linalopaswa kutufikirisha. Sisi hudhani kwamba aliyepooza zaidi ndiye aliyeumia zaidi rohoni. Sivyo. Ukubwa wa ulemavu hautabiri vizuri ukubwa wa kiwewe. Tena, kati ya askari wa zamani wa Marekani, waliopooza miguu tu walionyesha dalili nyingi kuliko waliopooza mikono na miguu. Maelezo mojawapo ni kwamba hofu huishi pia mwilini: moyo kwenda mbio, jasho kutoka. Shingo inapovunjika, njia ya baadhi ya ishara hizo hukatika. Maelezo hayo bado yanajadiliwa, lakini fundisho lake ni wazi: usipime maumivu ya ndani kwa kutazama kiti cha magurudumu. Kinachohesabika zaidi ni jinsi mtu anavyolielewa lililompata, na kama ana watu wa kumtegemeza.

Kama ni hivyo, basi maneno yetu ni sehemu ya jeraha au sehemu ya tiba. Jirani anayesema "amelogwa" anamfundisha mgonjwa kumwogopa ndugu yake. Anayesema "ungekuwa na imani ungekwisha simama" anamwongezea hatia juu ya ulemavu. Sala inamfariji mgonjwa, na asinyimwe. Lakini kama vile hatumwambii mwenye kidonda cha kulalia asali bila kumgeuza, tusimwambie mwenye kiwewe asali bila kumtafutia msaada.

Wengine watanijibu: "Hapa kwetu sote tumeona mabaya. Tiba ya akili ni mambo ya nchi tajiri." Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Tafiti nyingi za jeraha la mgongo zilifanyika katika nchi tajiri, ambako ajali ikipita imepita. Kwetu barabara ni ileile, na pengine milio ya bunduki haijanyamaza. Anayeiogopa si mgonjwa, ni mwenye busara. Hata kukosa usingizi kunaweza kutokana na maumivu ya neva au mkojo, si na kiwewe. Kwa hiyo vipimo vya wageni vitumiwe kwa uangalifu, na watafiti wetu watunge maswali yanayofaa maisha yetu.

Lakini kusema kwamba tiba haiwezekani hapa si kweli. Mwaka 2013 ulitangazwa utafiti uliofanyika katika vijiji vya Kivu, kwa wanawake waliotendewa jeuri ya kingono. Wasaidizi Wakongomani, ambao si waganga wa akili, walifundishwa kuongoza tiba ya mazungumzo katika vikundi. Miezi sita baada ya tiba, wanawake waliobaki na dalili nzito za huzuni au wasiwasi walikuwa 9 katika 100. Kati ya waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja walikuwa 42 katika 100. Kwa kiwewe matokeo yalifanana na hayo. Hawakuwa watu waliovunjika mgongo, lakini walikuwa watu wa nchi yetu, katika eneo lililoteswa na vita, nao waliponywa na watu wa nchi yetu.

Nawaomba basi vijana wa vikundi vyetu mambo manne. Kwanza, msimlazimishe mgonjwa kusimulia ajali yake. Imeonekana kwamba kumfanya mtu asimulie yote mara moja baada ya tukio hakuzuii ugonjwa huu. Akitaka kusema, msikilizeni bila kumkatiza. Pili, msimnunulie vidonge vya usingizi bila mganga. Shirika la Afya Duniani linaonya dhidi ya dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu kwa dalili za mwezi wa kwanza. Tatu, mkiona dalili nilizozitaja zinadumu, mwunganisheni na kituo cha afya au na msaidizi aliyefundishwa, na mmsindikize, kwa maana kwa mtu asiyetembea barua ya kumtuma haitoshi. Nne, mpeni kazi ya kweli katika kikundi: aandike mihutasari, afundishe nyimbo, atunze hesabu. Kama chumba cha mkutano kina ngazi, jengeni njia ya mteremko kwa mbao na mawe.

Na kwa wanaoongoza hospitali zetu ninasema hivi: mgonjwa wa mgongo hukaguliwa ngozi kila siku ili kidonda kisianze, kwa sababu kuzuia ni rahisi kuliko kuponya. Hofu yake nayo ikaguliwe kwa kawaida hiyohiyo, kabla hajarudi nyumbani na baada ya kurudi. Kuanza hakudai mashine wala fedha za kigeni. Kunadai mtu mmoja aliyefundishwa, kiti cha kuketia, na saa moja isiyo na haraka.