Kapiteni Anapoketi Benchini

Kuna maneno yanayorudi kila mara timu inapofungwa: mwalimu huyu afukuzwe, awekwe mchezaji wetu wa zamani, yeye mpira anaujua. Maneno hayo yana ukweli nusu. Ni kweli kwamba mchezaji wa zamani anaujua mpira. Lakini kuucheza na kuufundisha ni kazi mbili, na anayetoka katika ile ya kwanza hana budi kuingia katika ya pili kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hata kama jina lake limo vinywani mwa watu wote. Hilo ndilo tunalotaka kulitetea hapa, na tutalitetea kwa safari za watu wawili ambao nchi yetu inawafahamu: Pamphile Mihayo Kazembe na Claude Makélélé.

Tuanze na Mihayo, kwa kuwa yeye yu karibu nasi. Klabu yake, Tout Puissant Mazembe, haikuzaliwa katika ofisi ya matajiri. Ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenedikto kwa ajili ya wanafunzi wa shule yao ya Mtakatifu Bonifasi, katika mji uliokuwa ukiitwa Élisabethville, nayo ikapewa jina la Mtakatifu George. (Tunalitaja jambo hili kwa sababu wako bado wanaodhani kwamba uwanja wa mpira na uwanja wa parokia ni maadui.) Timu hiyo ilitwaa kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, kisha ikalingoja kwa zaidi ya miaka 40, hadi 2009.

Katika kizazi kile cha 2009 na 2010 nyota alikuwa Trésor Mputu. Mihayo alikuwa kiungo, mtu wa katikati, ambaye kazi yake haionekani sana kwa mtazamaji aliyekuja kuona mabao. Mwaka 2010 FIFA ilimfungia Mputu kwa mwaka mzima kwa utovu wa nidhamu mbele ya mwamuzi. Timu ikabaki bila kipaji chake kikubwa kuliko vyote, na kitambaa cha kapiteni kikawa mkononi mwa Mihayo. Mwalimu alikuwa Msenegali Lamine N'Diaye, naye mchezaji wa zamani. Wakaifunga Espérance ya Tunis 5-0 hapa Lubumbashi na kutwaa kombe la Afrika kwa mara ya pili mfululizo. Mwezi wa Desemba, huko Abu Dhabi, wakaitoa Pachuca ya Meksiko 1-0, wakaitoa Internacional ya Brazili 2-0, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya kombe la dunia la klabu. Inter Milan iliwafunga 3-0, nasi hatukuona aibu. Watu wengi hukumbuka jinsi mlinda mlango Kidiaba alivyorukaruka kwa makalio baada ya kila bao. Ni wachache wanaokumbuka nani aliyekuwa kapiteni.

Sasa twende hadi mwaka 2017. Mazembe, chini ya Mfaransa Thierry Froger, ilitolewa katika Ligi ya Mabingwa na CAPS United ya Zimbabwe: 1-1 nyumbani, 0-0 ugenini, na bao la ugenini likaamua. Kwa klabu iliyozoea kufika mbali, hilo lilikuwa pigo zito. Froger akaondoka, na timu akakabidhiwa Mihayo. Ilikuwa imeshushwa katika Kombe la Shirikisho, ambalo wengi wetu huliona kama meza ya wadogo. Yeye hakulidharau. Akaipeleka timu hadi fainali, na tarehe 19 Novemba, Lubumbashi, Mazembe ikaifunga SuperSport United ya Afrika Kusini 2-1, kwa mabao ya Adama Traoré na Daniel Adjei.

Bao moja la nafasi si zawadi kubwa kwa timu inayokwenda kucheza ugenini. Ndiyo maana mchezo wa marudiano huko Pretoria, ambao haukuwa na bao hata moja, ni mchezo tunaoupenda kuliko ule wa kwanza. Bao moja tu la Waafrika Kusini lingewapa kombe. Mtu aliyezoea kuuzima moto kwa miguu yake mwenyewe sasa amesimama nje ya mstari mweupe. Hawezi kuingia kukata pasi. Ana sauti yake, ambayo kelele za uwanja huimeza. Ana dakika 15 za mapumziko. Ana wachezaji watatu wa kubadilisha. Mengine yote anayotaka yafanyike lazima awe ameyafundisha wiki zilizotangulia, akayafundisha vizuri, hata yafanyike yeye asipokuwapo. Matokeo yakawa 0-0, na Mazembe ikarudi na kombe.

Hatumfanyi Mihayo kuwa malaika. Ligi ya Mabingwa hakuitwaa akiwa mwalimu. Mwaka 2018 Primeiro de Agosto ya Angola ilimtoa katika robo fainali bila kumshinda hata mchezo mmoja, kwa sheria ileile ya bao la ugenini. Mwaka 2019 timu yake iliifunga Club Africain ya Tunis 8-0, ikaifunga Simba ya Dar es Salaam 4-1, kisha ikasimama katika nusu fainali mbele ya Espérance kwa bao moja tu. Anayetaka kumlaumu anayo ya kusema. Lakini sisi tunauliza jambo lingine: kwa nini mwana wa nchi alikabidhiwa timu wakati nyumba ilipokuwa inawaka moto? Klabu zetu nyingi humtafuta mgeni mambo yakiwa mazuri, na humkumbuka mwenyeji mambo yakiharibika. Hatusemi wageni hawana faida. N'Diaye tumemtaja kwa heshima. Tunasema kwamba mwenyeji anayeandaliwa mapema hatahitaji kuitwa kama mzima moto.

Na maandalizi hayo hayawahusu wasiojulikana peke yao. Mtazameni Makélélé. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1973, akakulia Ufaransa, akatwaa kombe la Ulaya na Real Madrid mwaka 2002, akawa bingwa wa Uingereza na Chelsea mara mbili, akacheza fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2006. Nafasi aliyoicheza mbele ya mabeki, watu wengi wameiita kwa jina lake. Ni nani angeijua kazi ya kiungo kuliko yeye? Alipostaafu alikaa Paris kama msaidizi wa Carlo Ancelotti. Mwaka 2014 Bastia ikampa timu yake ya kwanza. Mwezi wa Novemba wa mwaka huohuo alikuwa amekwisha kuondolewa.

Hapa ndipo tunapomheshimu zaidi. Mwaka 2017 mtu huyu mwenye medali nyingi alikubali kurudi kuwa msaidizi, chini ya Paul Clement huko Swansea, mtu ambaye hakuwa na jina kama lake uwanjani. Mwishoni mwa mwaka akachukua Eupen, timu ndogo ya Ubelgiji iliyokuwa ikielekea kushuka daraja. Siku ya mwisho ya msimu, Machi 2018, Eupen ilihitaji mabao mengi. Makélélé akamwingiza kutoka benchini Mjapani Yuta Toyokawa, naye akafunga matatu katika ushindi wa 4-0 dhidi ya Mouscron. Eupen ikabaki kwa tofauti ya bao moja, na Mechelen ikashuka.

Sisi tuliosomea ualimu tunalitambua jambo hili, maana tunaliona kila mwaka darasani. Yule aliyekuwa wa kwanza katika hesabu si lazima awe mwalimu bora wa hesabu. Mara nyingine ndiye anayepata taabu zaidi, kwa sababu hakuwahi kujikwaa pale mtoto anapojikwaa. Anasema, “Lakini ni rahisi!” na mtoto anazidi kupotea. Makélélé alikuwa akiinusa hatari kabla haijafika. Utamwambiaje kijana wa miaka 16 anuse? Huna budi kukivunja kile ambacho mwili wako ulikifanya bila kufikiri, ukipange hatua kwa hatua: simama hapa, tazama bega la adui, funga njia ya pasi kwanza, mpira baadaye. Kisha uchague zoezi la kuifundisha hatua hiyo moja, na mwisho upime kama imeeleweka. Huko shuleni tunaita kuandaa somo. Kocha asiyeandaa somo hutambulika haraka: huwagawa watoto makundi mawili, huwarushia mpira, kisha hupiga kelele kwa saa moja na nusu.

Kwa hiyo tunawaomba vijana wa vikundi vyetu mambo machache, na tunawaomba sasa, wakati miguu ingali na nguvu. Mpira wa kulipwa humwacha mtu akiwa na umri wa miaka 35 au karibu na hapo, na wengi hata huko hawafiki. Anayecheza leo ajifunze pia kutazama: baada ya mchezo aandike katika daftari tulifungwa vipi, siyo nani alaumiwe. Viongozi waulize katika chama cha mpira cha mkoa ni lini kuna mafunzo ya leseni ya daraja D, ambayo ndiyo mlango wa kwanza katika ngazi za CAF, na kikundi kichange kumlipia nauli mmoja wetu, hata kama siye mfungaji wetu bora. Akirudi, asipewe timu ya wakubwa. Apewe watoto wa chini ya miaka 12, ambao kwa sasa hufundishwa na yeyote aliyewahi kufika na mpira.