Mila ya Kazi Huanzia kwa Mkubwa

Kila kampuni ina mila yake, kama kila nyumba ilivyo na ada zake. Mila hiyo si maneno mazuri yaliyobandikwa ukutani. Ni yale ambayo mfanyakazi mgeni huyajua baada ya wiki moja tu: nani husifiwa, nani hupandishwa cheo, na kosa gani hufumbiwa macho. Mwenye kuyaamua hayo matatu ni mkubwa wa kazi.

Upande wa Murera, baina ya Ruiru na Thika, ni nchi ya mashamba makubwa na viwanda. Ukishaupita mji wa Thika, yameenea mashamba ya mananasi ya kampuni ya Del Monte. Juni 2023 gazeti la Guardian la Uingereza lilichapisha madai kwamba walinzi wa mashamba hayo waliwapiga watu walioshukiwa kuiba mananasi, na kwamba wengine walikufa. Maduka ya Tesco yakasimamisha ununuzi. Kampuni ilisema imeyachukua madai hayo kwa uzito na kuanzisha uchunguzi. Machi 2024 ulinzi ukakabidhiwa kampuni ya G4S, na walinzi zaidi ya 200 wakaachishwa kazi.

Kuamua nani ana hatia ni kazi ya mahakama, si yetu. Sisi twauliza: je, mila ya kazi hubadilika kwa kubadilisha walinzi? Mlinzi wa popote pale hushika amri ya msimamizi wake, naye msimamizi huipokea kutoka juu. Akiulizwa kila asubuhi ni mali gani iliyopotea, wala asiulizwe ni nani aliyeumizwa, amekwisha kufundishwa lipi lenye thamani. Ajapo mlinzi mpya akakuta maswali ni yale yale, atajifunza somo lile lile.

Mfano wa pili tunao hapa hapa pwani. Kampuni ya saruji ya Bamburi iliacha mashimo makavu ilikochimba mawe. Mwaka 1971 René Haller, aliyekuwa mtumishi wake, alianza kupanda miti humo. Mingi ilikufa, mivinje ikashika. Akaleta majongoo wayale majani yaliyoanguka, udongo ukapatikana. Leo watu huenda huko kutazama twiga na viboko. Lakini mtu mmoja hapandi msitu peke yake. Wakubwa wa kampuni waliikubali kazi isiyoongeza hata mfuko mmoja wa saruji, na wafanyakazi wakaelewa kwamba kuitengeneza ardhi waliyoichimba ni sehemu ya kazi yao.

Disemba 2024 kampuni hiyo ilinunuliwa na Amsons ya Tanzania. Hapo ndipo mila hupimwa: je, itadumu chini ya nahodha mwingine, au ilikuwa tabia ya mtu mmoja tu?

Wako watakaosema mshahara mwema watosha. Mshahara humleta mtu kazini, lakini haumfundishi la kufanya asipoonekana. Hilo hulisoma kwa mkubwa wake. Mwenye duka akipunja mizani mbele ya kijana wake, asishangae kesho kijana akimpunja yeye. Na mwenye kiwanda akitaka watu waheshimiwe langoni, naaanze kuwaheshimu walio ndani. Uongozi ni amana, na amana huulizwa.