Dhana Batili ya Damu ya Mkimbiaji

Kuna dhana iliyokita mizizi katika nchi yetu, nayo husikika Tunduma mpakani kama isikikavyo Vwawa na Ileje, kwamba Mwenyezi Mungu alipogawa vipawa vya riadha alitujalia sisi watu wa Afrika Mashariki mapafu ya mbio ndefu, akawaachia wengine mabega ya kutupa tufe na wepesi wa kupaa kwa upondo. Dhana hii huvaa joho la sifa, na kwa sababu hiyo hupokewa bila kuhojiwa. Lakini nasema kwa yakini kwamba ni batili, na dhara yake kwa vijana wa shule na vyuo ni kubwa kuliko dhara ya ufukara wa viwanja.

Hujja ya wenye dhana hii ni medali mbili za fedha ambazo Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walizileta kutoka Moscow mwaka 1980, nazo ndizo medali pekee za Olimpiki tulizonazo hata leo. Naam, fahari yao ni fahari yetu; lakini Bayi aliipata yake katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, ambamo mkimbiaji hukabili viunzi 28 na dimbwi la maji mara 7, wala hayo hayarukwi kwa mapafu peke yake. Shahidi wao, basi, ametoa ushahidi dhidi yao.

Na tuwatazame majirani. Patrick Etolu wa Uganda alitwaa fedha ya kuruka juu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Vancouver mwaka 1954. John Akii-Bua, Mganda mwenziwe, akakimbia mita 400 za viunzi Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, muda ambao hapana mwanadamu aliyekuwa ameufikia. Ferdinand Omanyala wa Kenya akakata mita 100 kwa sekunde 9.77 mjini Nairobi mwaka 2021. Na Julius Yego, Mkenya aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za intaneti, akawa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72. Ikiwa damu ndiyo hakimu, mbona hakimu huyu hakuwazuia hawa?

Hata kanuni za mashindano huikanusha dhana hii. Katika mashindano ya vyuo vya Marekani, ambako Nyambui alishinda mita 10,000 miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akikiwakilisha chuo chake cha El Paso, ubingwa wa chuo hupatikana kwa kujumlisha alama za mbio, miruko na mitupo, hata mrusha kisahani akawa na thamani sawa na mkimbiaji. Mizani ya insafu hiyo imetimia katika dekathloni, ambamo mtu mmoja hufanya michezo kumi kwa siku mbili: siku ya kwanza mita 100, kuruka urefu, tufe, kuruka juu na mita 400, siku ya pili mita 110 za viunzi, kisahani, upondo, mkuki na mita 1,500.

Wapo watakaosema kwamba godoro la kuangukia mruka upondo ni ghali, nami nakiri kuwa ni kweli. Lakini shimo la mchanga si ghali, wala fito mbili za kuruka juu si ghali, na bega la kijana wa Tunduma ashushaye magunia ya mahindi toka alfajiri halikununuliwa dukani. Lililopungua ni maarifa, na maarifa hufundishwa.

Enyi walimu na maafisa michezo wa Songwe, chimbeni shimo la mchanga kabla ya kuchora njia ya mbio, na mtoto mwenye kifua kipana msimfukuze uwanjani kwa kuwa amebaki nyuma katika mzunguko wa pili. Mkifika katika mchezo wa kumi wa dekathloni mtakuta mita 1,500, mbio zile zile ambazo Bayi alivunjia rekodi ya dunia Christchurch mwaka 1974: mlango wa mwisho tunaujua tangu zamani, na milango tisa iliyotangulia hakuna aliyetufungia ila dhana yetu wenyewe.