ASKARI WA ZAMANI WAHESABIWE



Wakubwa wakisema habari ya askari wa zamani, husema kana kwamba ni kundi moja la wazee wenye nishani kifuani. Sivyo. Wale waliopigana Asosa na Saio mwaka 1941, na wauguzi wa Kongo waliotumwa mpaka Burma, karibu wote wamekwisha kulala. Mwaka 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani Koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100. Nishani ni heshima, lakini haiponyi macho wala mgongo.

Leo huku kwetu Sandoa na Kolwezi, askari wa zamani ni nani? Wako wazee wa jandarmeri ya Katanga waliokimbilia Angola mwaka 1963. Aliyekuwa na miaka 20 siku zile amepita 80. Wako walioingia kutoka Angola mwaka 1977, na wale wa Kolwezi mwaka 1978. Hao nao ni wazee sasa. Wako kadogo wa vita vya 1996 na 1997, waliochukuliwa wangali watoto. Leo ni baba wa nyumba, wengi wamepita miaka 40. Wako wanawake waliovaa uniformu, na wajane wa waliokufa.

Ugonjwa wao si mmoja. Mzee anasumbuliwa na damu kupanda, sukari na macho yenye ukungu. Mwingine anatembea na risasi pajani, au anataka mguu wa kuvaa. Kadogo huenda hana kovu hata moja, lakini usiku anaruka kitandani akipiga kelele, na mchana anatafuta pombe ili asahau. Mwanamke ana haja zake, tena mara nyingi haandikwi kabisa.

Sisi tunaoshika daftari mgodini twajua: kabla ya kuagiza viatu, huhesabiwa miguu. Basi dawa zitaagizwaje bila hesabu ya wagonjwa?

Twataka mambo matatu. Kwanza, kila teritwari iandike askari wake wa zamani: umri, mume au mke, na jeraha la mwili au la moyo. Pili, hesabu hiyo ifanywe upya kila mwaka, kwa maana wazee wanakufa na vijana wanazeeka. Tatu, matibabu yasogezwe karibu. Mzee wa kijiji cha Sandoa asilazimishwe kufunga safari ya Kolwezi kupimwa damu tu.

Watu watauliza: huyu alipigania nani? Wazee wetu walijibu zamani: mgonjwa haulizwi uji. Ugonjwa haujui bendera, na munganga naye asiiulize.

Ndugu, jirani yako ni askari wa zamani? Mpeleke aandikwe. Asiyehesabiwa akiwa hai atahesabiwa makaburini.