Gitaa la Babu si Pambo la Kabati

Katika nyumba nyingi za askari na watumishi hapa Hima, na hata Kasese na Bwera, huwamo kitu kimoja cha kale kilichoachwa na wazee: cherehani, redio au gitaa. Juma hili tuzungumze juu ya gitaa, maana nilikaribia kulipoteza langu kwa kulitunza visivyo.

Gitaa hilo lilikuwa la babu yangu mzaa mama. Alikuwa mchimba shaba katika mgodi wa Kilembe, akalinunua kwa mfanyakazi mwenzake aliyetoka Kongo. Jioni, akisha kuoga, alikaa barazani akalipiga kwa vidole viwili tu, cha gumba na cha shahada. Ndio mtindo wa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba nyimbo zake nyingi kwa Kiswahili, na ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao leo huitwa Likasi.

Babu alipofariki, gitaa likawa langu. Kwa kuogopa watoto wasilivunje, nililiweka juu ya kabati, chini ya bati lisilo na dari, nyuzi zikiwa zimekazwa. Mwaka ukapita. Siku moja mama alikuja kututembelea, akaomba alisikie. Nilipolishusha, daraja la nyuzi lilikuwa limebanduka nusu, na tumbo limeanza kuvimba. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, baba yangu hakulificha hata siku moja." Maneno hayo yalinichoma kuliko matusi.

Sababu ya madhara hayo si ngumu kuifahamu. Nyuzi sita za chuma zilizokazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, usiku na mchana. Mbao nazo hunywa unyevu wakati wa mvua zikatanuka, na wakati wa kiangazi hukauka zikasinyaa. Joto la bati likiongezeka, gundi hulegea, na daraja hung'oka.

Fundi mmoja alitaka kulipigilia skrubu. Mwingine alinishauri ninunue jipya, kwa kuwa hili ni la bei rahisi. Nilikataa yote mawili. Skrubu huweza kupasua ubao mwembamba. Na bei ya dukani si kipimo cha thamani: gitaa alilopiga kijana John Lennon mwaka 1957, siku aliyokutana na Paul McCartney, lilikuwa Gallotone la bei nafuu, lililotengenezwa Afrika Kusini. Mwaka 1999 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 155,000. Thamani hiyo ililetwa na mkono uliolipiga. Basi seremala wa tatu alikwangua gundi ya zamani, akatia mpya, akalibana kwa jiliwa hadi kesho yake.

Wewe uliye na gitaa la kale, shika haya. Kwanza, liweke mbali na bati, jua na jiko. Pili, ukimaliza kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, kwani jasho huleta kutu. Tatu, usilipake rangi upya. Rangi nzito huziba sauti. Nne, gitaa lililoundwa kwa nyuzi za nailoni usilitie za chuma, litapinda. Tano, ukipata uhamisho, legeza nyuzi kidogo kabla ya kulipakia katika lori, na ulizungushie nguo pande zote, hasa shingoni. La mwisho ndilo kubwa: lipigwe. Mwenye kulishika kila siku huona ufa ungali mdogo kama unywele.

Mama alipotutembelea tena, binti yangu alimpigia wimbo wa babu, akikosea hapa na pale. Mama alifunga macho, akausikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Rudia." Gitaa sasa lina mfuko wake nyuma ya mlango, mahali ambapo hata mtoto hulifikia.